Paka wa Matanga

Matanga ya Maurine yalileta watu wengi, watu wengi wakaleta sufuria kubwa, na sufuria kubwa zikaleta paka. Hakuna aliyewaalika. Walitokea kwenye ua wa michongoma, wakala mifupa chini ya turubai, na waombolezaji walipokunja viti vya kukodi na kwenda zao, paka watatu walibaki uani wakiosha nyuso. Wahenga walisema kufa kufaana. Walisahau tu kusema aliyefaidi aondoke lini.

Hayo yalikuwa ya Aprili, wakati wa mvua. Desemba ilipoingia mahindi yalikuwa yamevunwa, yamepukuchuliwa, yametiwa magunia na kupangwa stoo, na paka walikuwa bado wapo. Kila jioni Nekoye alikwangua ukoko wa ugali, akaulowesha kwa mchuzi wa omena, kisha akagonga kijiko ubavuni mwa sufuria. Paka walikuja mbio: mweusi, wa madoadoa, na wa manjano mwenye sikio lililochanika. Hawakuwa na majina.

Tusimsingizie, hakuwapenda. Tangu alipomzika bintiye moyo wake ulikuwa umekufa ganzi, kama mguu uliokaliwa vibaya kanisani, na mtu mwenye ganzi hapendi wala hachukii. Lakini jioni ikifika mkono ulijua kazi yake. Watu wote waliokuja kulia walikuwa wamerudi kwenye shughuli zao, na waliobaki ni hawa watatu. Basi aliwapa chakula kama mtu anavyowapa chakula waliobaki.

Mumewe, Lusweti, aliyatazama hayo kutoka kwenye kigoda chake.

"Paka yenye imeshiba inashika panya gani?" alisema. "Kila siku nasikianga panya kwa stoo wakicheza mpira. Na hawa wamenona hapa kama askari wa kanjo."

"Ee," Nekoye alijibu.

Hilo "ee" ndilo neno lililomfaa siku hizo. Ukimwambia mvua inakuja, ee. Ukimwambia ng'ombe wa jirani wameingia shambani, ee. Lusweti alikuwa ameshazoea kuzungumza naye hivyo, kama mtu anayeongea na redio.

Alikuwa na haki ya kuyahurumia mahindi yake. Magunia sita alikuwa ameyatenga pembeni kwa kuyafunga kamba nyekundu. Hayo hayakuwa ya kuliwa wala ya mbegu. Yalikuwa ya saruji. Kaburi la Maurine lilikuwa bado udongo mtupu, kuku wa boma wakilichakura, na Lusweti alikuwa ameapa mbele ya ndugu zake kwamba kabla ya mvua nyingine litajengwa. Mtu anayepita njiani hawezi kuona moyo wa baba, lakini kaburi analiona.

*

Katika maboma ya huku Mautuma paka hufugwa kwa njaa. Unampa tone la maziwa akiwa mchanga ili aijue nyumba, halafu unamwachia panya wamlee. Kwa hiyo mwanamke anayempikia paka ni kichekesho, na mwanamke anayewapikia paka watatu ambao si wake ni jambo la kuzungumzwa kisimani. Walilizungumza. Wengine walisema ni msiba umempanda kichwani. Hakuna aliyekuja kumwambia, maana hakuna aliyejua amwite nani. Miaka ishirini na zaidi alikuwa Mama Maurine. Sasa jina lenyewe lilikuwa kidonda, na watu walipofika kwake walisema "mama" tu, au walikohoa.

Risper, jirani wa upande wa chini, ndiye aliyekuja. Alikuja asubuhi, amebeba mabawa mawili ya kifaranga kwenye kipande cha gazeti. Risper aliishi kwa kuku. Mumewe alikuwa kibarua Eldoret na alituma salamu kuliko pesa, kwa hiyo mayai na majogoo yaliyouzwa sokoni ndiyo yaliyolisha nyumba. Nyuma yake alimfuata bintiye Muhonja, wa miaka sita, akiwa na mkate wa chai mkononi.

"Mulembe hapa?"

"Mulembe."

"Mama..." Risper alianza, akalimeza jina. "Mimi sileti maneno. Naleta mabawa. Hii ni ya nne."

"Pengine ni mwewe," Lusweti alisema.

"Mwewe anaachanga mabawa kwa mlango ya choo? Nimeona na macho yangu, ile ya manjano. Imetoka huku, imekula ingokho yangu, imerudi huku kuota jua. Nauliza tu, Baba. Hii paka ni ya nani?"

Swali hilo huku lina jibu moja. Paka hatolewi bure. Ukimtaka paka wa mtu unampelekea kifaranga, naye anakutilia paka kwenye gunia, na kuanzia hapo yule paka ni wako kwa mema na mabaya yake. Pasipo kifaranga atakaa kwako lakini si wako, hata panya hatakushikia. Wazee waliamini hivyo, na vijana wenye simu mbilimbili wanaamini vilevile.

"Sikutoa kifaranga kwa mtu," Nekoye alisema. "Walikuja na matanga."

"Kwa hivyo si yako."

"Si yangu."

"Na unalisha."

"Nalisha."

"Sasa hiyo ni mambo gani?" Sauti ya Risper ilipanda. "Kama ni yako, funga. Kama si yako, wacha kulisha. Unaipatia nguvu kwako ikuje kunimaliza kwangu!"

Lusweti aliona haya mpaka masikioni. Risper huyuhuyu ndiye aliyeleta kuku wawili siku ya mazishi, akawanyonyoa mwenyewe, akaosha masufuria mpaka usiku. Hakuwa amelipwa hata kwa asante nzuri. Sasa boma lililokula kuku wake likiwa na machozi lilikuwa linawala tena bila machozi.

"Mama Muhonja, imeisha," alisema. "Kuanzia leo hakuna paka inalishwa hapa. Na ile kuku ya kijivu, chukua uende nayo."

"Sikukuja kuchukua kuku."

"Chukua."

"Nimesema sikukuja kuchukua kuku." Akayaweka yale mabawa kwenye kigoda, akageuka.

Muhonja hakugeuka. Alikuwa akimtazama yule paka wa manjano aliyejinyoosha karibu na tangi la maji.

"Mama Maurine," aliuliza, "sasa atakula nini?"

Watu wazima watatu walitazama chini kama walioshikwa na wizi. Risper alimvuta mtoto kwa mkono, na mkate wa chai ukaanguka.

*

Jioni ile Nekoye alitia maji kwenye sufuria yenye ukoko na kuiacha ilowe. Kijiko hakikugongwa. Paka walikuja hata hivyo, wakakaa mlangoni, wakamtazama. Alipita katikati yao kwenda kuchukua kuni, akapita tena kurudi.

Hakuna kilichomuuma, na hilo lilimshangaza kidogo. Alisubiri kimuume, kama mtu aliyejigonga anavyosubiri maumivu yafike, lakini hayakufika. Mweusi aliondoka kwanza. Wa madoadoa akafuata, labda shuleni, ambako wapishi humwaga makombo. Wa manjano alibaki. Alikonda, mbavu zikahesabika, na mchana alilala nyuma ya choo cha Risper akivizia kuku waliokuwa sasa wamefungiwa tenga.

Lusweti naye alipata kazi ya msimu. Binamu yake wa Kitale alikuwa na mashine ya kupukuchua mahindi, na ilihitaji watu wa kuizungusha shamba kwa shamba mpaka karibu na Krismasi. Asubuhi ya kuondoka alisimama mlangoni na begi begani, Nekoye akichagua maharagwe kwenye ungo.

"Sasa paka hawako, nimeweka dawa ya panya kwa stoo," alisema. "Iko nyuma ya magunia, kwa vifuniko vya mkebe. Zile punje nyekundu. Usiingize kuku huko, wala kitu ingine. Umesikia?"

"Ee."

Alisikia sauti. Maneno yalipita juu ya ungo na kwenda zao pamoja na makapi.

*

Muhonja alikuwa amelijibu swali lake mwenyewe. Kila siku mama yake alipokwenda kuteka maji, aliiba omena kwenye chano cha kuanikia, akazunguka nyuma ya choo, akampa yule paka mmojammoja. Siku ya Jumapili, baada ya kanisa, paka aliona omena wanachelewa kufika, akauchukua mkono pamoja na samaki. Meno yaliingia kwenye kidole gumba, matundu mawili, na damu ikashuka hadi kwenye gauni jeupe.

Risper aliuosha mkono kwa sabuni ya kipande mpaka mtoto akalegea kwa kulia, akampakia kwenye bodaboda. Walirudi jioni. Dawa haikuwapo kwenye zahanati ya karibu. Waliipata mbali, kwa kununua, na kabla ya kuinunua Risper alikuwa amempigia simu mwanamke wa hoteli sokoni na kumwuzia kuku wote wanaotaga.

Aliposhuka kwenye pikipiki aliwakuta vijana wa kijiji wameshafika na fimbo. Walikuwa wamesimama kwenye mpaka wa maboma mawili, wakipiga vichaka. Nekoye alikuwa kwake, mikono imeshika leso, akiwatazama kama anayetazama watu wanaochimba mtaro.

"Wacheni!" Aliyepiga kelele alikuwa Kiprotich, daktari wa ile zahanati ya karibu, kijana ambaye kwa vyeti si daktari kamili lakini kwa Mautuma anatosha. Alikuwa amemfuata Risper kwa pikipiki yake. "Mkiua hiyo paka, mimi nitajua aje kama ilikuwa na kichaa cha mbwa?"

"Si tunaua ndiyo iishe, daktari!"

"Haiishi. Kichaa kikishaingia kwa mtu na kuanza, hakuna dawa. Hakuna hata Nairobi." Alipunguza sauti, maana mtoto alikuwa anasikia. "Sindano tumeanza, hatungojei paka. Zingine zinafuata, na hakuna kuruka hata moja. Lakini hiyo paka ikishikwa, ifungiwe, ipewe chakula na maji. Ikimaliza siku kumi ikiwa mzima, basi haikuwa na ugonjwa siku ya kuuma, na zile sindano za mwisho mimi mwenyewe nitawaambia muache. Ikikufa, sijali imekufa na nini, mnakuja mnaniambia siku hiyohiyo."

Vijana walishusha fimbo. Mmoja aliuliza nani atashika paka mwitu bila kuumwa, na hapo, bila mtu kusema lolote, wote waligeuka kumtazama Nekoye.

Risper alivuka mpaka. Alikuwa na vumbi hadi kwenye kope.

"Mwite," alisema.

Mwanamke mwingine angeuliza, paka ni ya nani? Mwanamke mwingine angalau angevuta pumzi ndefu ili watu waione. Nekoye hakuwa na nguvu ya ushindi. Aliingia jikoni, akatoka na sufuria, akakwangua ukoko, akagonga kijiko ubavuni.

Kimya. Akagonga tena. Watu wazima na akili zao wamesimama wakingoja paka kama wangojao gavana.

Alitokea kwenye michongoma, taratibu, tumbo limegusana na mgongo. Hakutazama fimbo. Alikwenda moja kwa moja kwenye sufuria ya mwanamke aliyemnyima chakula wiki nzima, akatia kichwa chote ndani. Nekoye alimfunika kwa gunia, kama daktari alivyomwelekeza, na kumbeba gunia na yote.

Hapo kitu kilimgusa. Hakikuwa kikubwa. Kupitia gunia aliusikia moyo wa yule mnyama ukienda mbio, na akawaza kwamba amemwita kwa njaa yake mara mbili, mara ya kwanza akamzoesha, mara ya pili akamkamata. Kumlisha mtu ni kumwahidi. Aliahidi kwa kijiko, akaivunja ahadi kwa kunyamaza, na aliyelipa ni mtoto wa watu.

"Tunafungia wapi?" Kiprotich aliuliza.

Katika maboma yote mawili mlango wenye komeo la maana ulikuwa mmoja.

"Stoo," Nekoye alisema.

*

Dunia ina vituko. Watu waliokuwa wakimcheka Nekoye kwa kulisha paka sasa walimletea paka chakula. Mzee wa kanisa alileta maziwa. Wale vijana wa fimbo walichanga wakanunua matumbo kwa mchinjaji. Asubuhi na jioni Nekoye alifungua mlango kidogo, akasukuma bakuli kwa mti, akafunga. Hakuingia ndani; daktari alikuwa amekataza.

Risper hakuja kumsalimu, lakini kila asubuhi alisimama mpakani na kuuliza kwa kidevu. Nekoye alijibu kwa kichwa: yupo. Ndipo Risper alipokwenda kuteka maji.

Muhonja alikuja mwenyewe, mkono umefungwa bendeji, akachungulia kwenye ufa wa mbao.

"Mama Maurine, amekula?"

"Amekula."

"Amekasirika?"

"Hapana."

"Mimi sijamkasirikia. Nilimpa pole pole sana, yeye akaharakisha."

Nekoye alimtazama. Katika kijiji kizima huyu peke yake ndiye aliyekuwa akilitamka lile jina, na alilitamka kama jina la mtu yeyote.

Lusweti alipiga simu mara moja, mashine ikinguruma nyuma yake.

"Mko sawa?"

"Ee."

"Panya je?"

"Ee," alisema, na simu ikakatika.

*

Asubuhi ya siku ya nane bakuli la jana lilikuwa halijaguswa. Nekoye aligonga mlango kwa kijiko. Akagonga tena. Kisha akafungua kote, mwanga ukaingia.

Paka alikuwa amelala ubavu mbele ya magunia yenye kamba nyekundu. Damu kidogo ilikuwa imekauka puani. Kando yake ulikuwepo mkia wa panya, na mkia tu. Nekoye alisogeza gunia la kwanza, na nyuma yake akaona kifuniko cha mkebe chenye punje nyekundu. Umesikia? Ee. Sauti ya mumewe ilimrudia yote, neno kwa neno, ikiwa imechelewa karibu majuma mawili.

Lusweti aliingia bomani mchana uleule, na begi na vumbi la Kitale. Njiani vijana walikuwa wamemsimulia yote: kidole, sindano, kuku waliouzwa, kidevu cha Risper na zile siku kumi. Alimkuta mkewe amekaa kwenye kizingiti cha stoo. Alitazama ndani, akaelewa, akavua kofia.

"Nilikuambia."

"Uliniambia."

"Nani ameona?"

"Hakuna."

Akakaa karibu naye. Hakuwa mtu mbaya, Lusweti. Alikuwa mtu aliyechoka, mwenye kaburi la udongo na magunia sita. Alizungumza polepole, kama anayempangia mtu safari.

"Sikiliza. Imekufa na dawa. Si kichaa. Wewe unaona, mimi naona. Naizika saa hii kwa ndizi. Risper haingiingi hapa, anaulizanga kwa kidevu tu. Zimebaki siku mbili. Zikiisha tunasema ilikuwa mzima, tumeiachilia, imeenda. Sindano zinaachwa, mtoto yuko sawa. Nani ameumia?"

Nekoye alitazama ule mkia wa panya.

"Tukisema, zile sindano ni juu yetu. Sisi ndio tumeua. Na Risper hana kuku tena ya kuuza." Alielekeza kidole gizani, kwenye zile kamba nyekundu. Sauti yake ilikwaruza. "Na hiyo ndiyo simiti ya mtoto."

"Una hakika ilikuwa dawa?"

"Nina hakika."

"Daktari alisema hajali imekufa na nini."

"Daktari hajui. Mimi nina hakika."

Nekoye alimgeukia. Kwa miezi minane hakuwa amemtazama hivyo, na Lusweti alirudi nyuma kidogo.

"Ingekuwa ni Maurine ameumwa," alisema, "ungekuwa na hakika?"

Jina hilo halikuwa limetoka kinywani mwake tangu Aprili. Lilitoka kavu, bila machozi, likakaa kati yao kwenye kizingiti. Lusweti aligeuza uso. Alitazama kule kwenye kaburi, ambako kuku walikuwa wakichakura udongo, akawarushia kofia yake. Waliruka na kurudi.

Baada ya muda aliinuka, akaingia stoo. Alirudi amebeba gunia moja lenye kamba nyekundu mabegani, akaliweka uani. Kisha akarudi kuchukua la pili. Nekoye hakumshukuru. Alimwambia tu aache paka palepale mpaka daktari amwone.

*

Kuku wa kijivu alikuwa ameangua tangu Novemba. Nekoye aliinama kwenye tenga, akachagua kifaranga mwenye miguu imara, akamtia kwenye leso, akavuka mpaka.

Risper alikuwa anafua. Vitenga vya kuku nyuma yake vilikuwa vitupu, milango wazi. Alipomwona Nekoye na kile kinacholia ndani ya leso, mikono yake ilisimama ndani ya povu.

"Hiyo ni ya nini?"

"Kifaranga."

"Naona ni kifaranga. Ni ya nini?"

"Ya paka," Nekoye alisema. "Nimekuja kutoa kifaranga ya paka."

"Paka haikutoka kwangu."

"Haikutoka kwa mtu. Lakini imeuma kwako. Nimeleta kwako." Akavuta pumzi. "Imekufa, Risper. Imekufa ndani ya stoo. Kulikuwa na dawa ya panya, nikaambiwa, na sikusikia. Tunadhani ni dawa. Hatujui. Zile sindano zingine lazima mtoto achomwe, zote. Baba ameshatoa mahindi."

Risper alisimama. Maji ya sabuni yalimdondoka viwikoni. Kwanza alitafuta kwa macho alipo mtoto. Muhonja alikuwa kivulini akipanga mawe. Kisha hasira zikamfika, na zilikuwa za haki.

"Kwa hivyo leo ndiyo ni yako! Nilipokuja na mabawa ilikuwa ya matanga. Nilipouza kuku yangu yote ilikuwa ya matanga. Leo imekufa, ndiyo unaniletea kifaranga?"

"Ee. Leo ni yangu."

"Na wewe ungenyamaza! Siku mbili tu! Mimi ningelala!"

"Ungelala," Nekoye alisema. "Mimi nimelala hivyo tangu Aprili."

Ndipo uso wake ukafanya kitu ambacho hakuwa amekipangia. Kidevu kilitetemeka, kikashindwa kutulia. Hakulia, si kwa namna ambayo watu wangeiita kilio. Maji yalitoka tu, jicho moja kabla ya jingine, na mikono haikuweza kuyafuta kwa sababu ilikuwa imeshika kifaranga. Risper alimtazama. Siku ya mazishi, alipokuwa akiosha masufuria, alikuwa amemtafuta mwanamke huyu kwa macho ili amwone akilia, na hakumwona.

Muhonja alisogea akachungulia ndani ya leso.

"Anaitwa nani?"

Risper alipangusa mikono kwenye sketi. Alikichukua kile kifaranga, akakigeuza, akatazama miguu na macho yake kama anavyotazama kuku wa sokoni, akakiweka ndani ya tenga tupu na kukifunikia mlango. Kilipokwisha kufunikwa jambo lilikuwa limekwisha, na wote wawili walilijua: paka alikuwa na mwenyewe.

Hakusema asante, wala hakusema pole. Alirudi kwenye beseni, akakamua gauni jeupe lenye doa lisilotoka, akaliweka begani. Alizungumza akiwa amempa Nekoye mgongo.

"Tunapitia kwa daktari sasa hivi, aone hiyo paka. Halafu sindano ingine ni kesho. Mimi siendi huko peke yangu tena, Mama Maurine. Nilikaa kwa foleni mpaka jioni, mtoto amenilalia mapajani, sina hata mtu wa kushikia niende choo. Boda inakuja saa kumi na mbili. Beba leso kubwa, kuna baridi pale. Umesikia?"

"Nimesikia," Nekoye alisema. "Saa kumi na mbili. Leso kubwa."